Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaogombana na Mizani

Wanangu wapenzi,

Wiki hii nimewasikia mkijisema kwa maneno ambayo msingethubutu kumwambia hata mgeni. Mmoja alikosa mazoezi siku tatu akajiita takataka. Mwingine alipanda mizani asubuhi, akakuta kilo moja imeongezeka tangu jana, akasusa chakula hadi jioni. Mimi goti langu moja halikunjiki vizuri, na sehemu ya ubovu huo niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo niwieni radhi nikisema bila kuzunguka.

Ninalo daftari la zamani nililoandikia mwendo na uzito wangu nilipokuwa na miaka 40 na ushei. Kurasa za mwanzo zimejaa tarakimu zilizonyooka kama mistari ya mwalimu. Kisha inakuja siku niliyolala badala ya kwenda kukimbia, na chini ya tarehe hiyo nimeandika kwa kalamu nyekundu, nikikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka: "Mvivu wee!" Kurasa tano zinazofuata ni tupu. Nilipoona aibu imenitosha nikarudi, nikataka kulipa deni lote kwa wiki moja, na hapo ndipo goti liliponisaliti. Siku ile moja ya usingizi isingenidhuru. Iliyonigharimu ni kalamu nyekundu.

Najua mtasema mzee anatufundisha kujidekeza. Hapana. Anayejidekeza hataki kabisa kulitazama kosa, ilhali anayejihurumia hulitazama usoni kwa sababu haogopi kipigo: huuliza alilala saa ngapi, ratiba yake ilikuwa ya binadamu au ya kujionyesha, na kesho aanzie wapi. Mwanasaikolojia Kristin Neff, aliyeanza kuchapisha utafiti wake kuhusu jambo hili mwaka 2003, hulieleza kwa mambo matatu: kujitendea kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa wanadamu wote, na kuyaona maumivu yalivyo bila kuyakuza wala kuyafukia. Mwaka 2007 Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanawake andazi tamu, kisha baadhi yao wakaambiwa wasijilaumu kwa kulila. Miongoni mwa waliozoea kujinyima, wale walioambiwa hivyo ndio waliokula peremende chache zaidi baadaye. Mimi nilicheka niliposoma, maana daftari langu lilikuwa limekwisha kunieleza hayo, ila kwa bei ya goti.

Kuhusu mizani sina mengi. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili katika siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, na mafuta ya mwili hayajengeki kwa kasi hiyo. Anayejiadhibu kwa njaa kutokana na tarakimu ya asubuhi moja anaadhibu maji aliyokunywa jana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku hizi halidai tena kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Basi siku mliyochoka, tembeeni kwa kasi dakika saba, mziandike saba, bila neno la kuomba msamaha pembeni.

Nina ombi moja. Mwenzenu aliyepotea mazoezini wiki tatu atarudi karibuni, na ninavyomjua atakuja akiwa ameandaa maelezo marefu. Msimuulize alikuwa wapi. Msogezeeni nafasi, mpunguzieni uzito wa kunyanyua hadi nusu ya ule aliouacha, na mkianza kuhesabu, hesabuni polepole ili pumzi yake iwafikie.

Mimi mzee wenu,
mwenye goti.