Kabla Hujatuletea Diski ya Harusi, Panga Folda Zako Hivi

Kazi nyingi zinazotufikia zikiwa na shida, picha zake zipo. Tunafungua projekti ya Premiere Pro, programu ya kuhariri video, na taimlaini nzima (mstari wa kupangia klipu) inatokea nyekundu na maandishi ya Media Offline, yaani video haipatikani, na mwenye kazi anashtuka akidhani harusi ya watu imepotea. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia.

Programu ya kuhariri haihifadhi video ndani yake. Faili la projekti mara nyingi lina megabaiti chache tu, kwa sababu limebeba maelekezo: kata hapa, weka wimbo pale, klipu hii iko E:\Harusi\KamA\C0012.MP4. Ukihamisha folda, ukibadilisha jina, au Windows ikiipa diski herufi nyingine, maelekezo yaleyale yanaelekeza mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo folda zipangwe kabla klipu ya kwanza haijaingizwa, na baada ya hapo zisiguswe.

Kazi huanza kuharibika kwenye memori kadi. Nakili kadi nzima, pamoja na folda zake zote kama zilivyo. Kwenye kamera nyingi za Sony, video zimo PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP, na kila faili la MP4 lina faili dogo la XML pembeni, lenye maelezo ya klipu hiyo. Kamera zinazorekodi kwa muundo wa video uitwao AVCHD ndizo zinazotesa zaidi. Zikirekodi mfululizo, zinagawa rekodi moja katika mafaili kadhaa ya video ya MTS, na taarifa za kuyaunganisha zinakaa kwenye folda nyingine. Ukichukua MTS peke yake, sauti inaweza kuruka pale vipande vinapokutana, na pengine ni katikati ya nasaha za baba wa bibi harusi.

Kila kadi ipate folda yake: KamA_Kadi1, KamA_Kadi2, KamB_Kadi1, Droni. Usizimwage zote mahali pamoja. Kamera mbili za aina moja zinaweza kuwa na C0001.MP4 kila moja. Ukizichanganya, kompyuta itauliza kama ifute la zamani iweke jipya, na saa nane usiku baada ya sherehe ni rahisi sana kubonyeza ndiyo.

Piga hesabu ya nafasi na muda mapema. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa tatu kila moja, tayari ni GB 270. Kadi na diski zinazopitisha megabaiti 100 kwa sekunde zitamaliza kwa dakika 45 hivi. Ukichomeka kwenye tundu la USB 2.0, linalopitisha kama 35, ni zaidi ya saa mbili. Hakikisha laptopu ina chaji, au kompyuta ya mezani ina UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili la mwisho linaweza kubaki na jina kamili, hata ukubwa ukaonekana sawa, kumbe ndani ni bovu. Tumia TeraCopy, programu ya kunakili mafaili, ukiwa umewasha uhakiki, au Clone Tool iliyomo ndani ya DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri. Zote zinalinganisha nakala na chanzo badala ya kuamini ukubwa tu. Kadi usiifute mpaka nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti. Folda mbili ndani ya diski moja bado ni nakala moja, maana diski ikianguka zinakwenda zote.

Folda kuu iitwe kwa tarehe ukianza na mwaka, mfano 2025-06-14_Harusi_Mbezi, ili kazi zijipange zenyewe kwa mfuatano. Ndani yake weka 01_Video, 02_Sauti, 03_Muziki, 04_Picha, 05_Projekti na 06_Tayari. Majina yawe mafupi, kwani njia ikizidi herufi 260 Windows huanza kusumbua.

Muziki ndio unaosahaulika kuliko kitu kingine. Bwana harusi anatuma wimbo wa kuingilia ukumbini kwa WhatsApp, mhariri anauburuta kutoka Downloads moja kwa moja hadi kwenye taimlaini, na diski inapofika kwetu wimbo umebaki kwenye laptopu yake huko Tabata. Upeleke kwanza 03_Muziki, ndipo uuingize. Nembo na fonti za kadi ya mwaliko nazo vivyo hivyo. Klipu za simu zibadilishwe kwanza kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video, ziwe na idadi isiyoyumba ya fremu (picha moja moja zinazounda video), 25 kwa sekunde kama kazi nzima iko hivyo. Simu nyingi hupandisha na kushusha idadi ya fremu zenyewe, na mdomo unaanza kuachana na sauti kadiri klipu inavyosonga.

Diski ya nje ipe herufi ya kudumu. Fungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, chagua herufi ya mbali kama V, na Windows itaikumbuka kwenye kompyuta hiyo hata ukichomeka flashi nyingine kabla yake.

Kama wekundu umeshatokea, usianze kuhariri upya. Kwenye Premiere, bofya klipu kulia, chagua Link Media, kisha uelekeze kwenye folda sahihi. Zilizobaki kwenye folda hiyo kwa kawaida hujifuata. Kazi ikiwa na kamera mbili zenye majina yanayofanana, weka tiki pia kwenye Media Start, ili ilinganishe pia alama ya muda (timecode) ambapo klipu inaanzia. Bila hivyo inaweza kukubali C0001 ya kamera nyingine, na hakuna wekundu wa kukuonya: unaona tu keki mahali pa pete.

Watumiaji wa Resolve wanatakiwa kukumbuka jambo moja zaidi. Projekti yao haikai kwenye folda yoyote ya kazi. Iko kwenye hifadhidata ya programu. Kunakili folda kuu peke yake kunatuletea video bila uhariri. Toa faili la DRP, lenye uhariri peke yake, uliweke 05_Projekti, au tengeneza DRA, ambayo inabeba na video zenyewe. Kwa Premiere, zana yake iitwayo Project Manager inaweza kukusanya kila kilichotumika kwenda mahali pamoja.

Diski unayotuletea iwe imefomatiwa kwa exFAT, isomeke kwenye Windows na Mac. Fomati ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ila exFAT haipendi kuchomolewa ghafla, hivyo itoe kwa Eject kwanza. Mafaili ya kashe, yale ya muda ambayo programu hujitengenezea, yaache nyumbani, programu itayatengeneza upya, na utuandikie kwenye karatasi ni kamera ipi iliyorekodi sauti ya mc.