Windows 11: mwalimu anaisifia, dada wa steshenari hataki hata kuisikia

Mbukwenyi wadau. Juzi hapa dukani kwetu kwa mafundi wa kompyuta, Majengo Dodoma, walikutana wateja wawili mezani, mmoja mwalimu kaleta laptopu tumwangalizie chaja, mwingine dada wa steshenari kaja kaipakata CPU yake kama mtoto mgonjwa. Mwalimu katika stori akasema Windows 11, ule mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta, tamu bwana, inawaka fasta, haijawahi kumzingua. Dada akamkatisha hapohapo, "Mwalimu usinitanie, mimi tangu niwekewe hiyo kitu mteja anakuja kuprinti CV anasubiri mpaka anaaga, nataka Windows 10 yangu." Wakaanza kubishana kama Simba na Yanga, sisi tuko na bisibisi mkononi tunacheka tu.

Ukweli ni kwamba wote wako sahihi.

Mashine ya mwalimu ni ThinkPad T480, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, 8GB, ina SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Ya dada ni desktopu ya kizazi cha tatu, RAM 4GB na hadidiski ile ya kuzunguka, halafu kuna fundi mtaani alimpigia Windows 11 kwa fleshi iliyochezewa ili iruke ukaguzi wa vigezo vya Microsoft, ikakubali kuingia lakini kufanya kazi ndo hivyo tena, unabonyeza Word unaenda kununua vocha unarudi bado inazunguka. Sasa hapo utailaumu Windows?

Tangu itoke 5 Oktoba 2021 Microsoft walisema wazi inataka nini: RAM kuanzia 4GB, nafasi ya diski 64GB, Secure Boot (kinga wakati mashine inawaka), kachip ka usalama kanaitwa TPM 2.0, na kama ni Intel basi kwa sehemu kubwa kizazi cha nane kwenda juu. Hiyo ya kizazi ndo inawaumiza watu wengi hapa Dodoma maana laptopu zetu nyingi ni used, ukipita maofisini na kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) unakutana na laptopu za EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 kibao, mashine ngumu kabisa ila ni kizazi cha sita, haziko kwenye orodha. Kujua ya kwako ni rahisi, soma jina la prosesa, namba inayofuata baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U cha nane, ukikuta i5-10210U hiyo ni ya kumi. Usiangalie stika ya i5 ukaridhika, i5 ziko za kila umri.

Malalamiko mengine ni madogo. Kitufe cha Start kuhamia katikati, watu wamekizoea kushoto tangu Windows 95 kwa hiyo mkono unaenda kwenye kona haukuti kitu. Bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, ingia Taskbar settings, kwenye alignment chagua left, nusu dakika umemaliza. Na ile menyu ya kubonyeza kulia inayoficha vitu, shikilia Shift ndo ubonyeze, itakuja nzima kama zamani. Hilo la menyu hata mimi sijalipenda mpaka leo, sijui nani aliwaomba.

Kinachotupa presha sisi mafundi ni suala la akaunti. Wakati wa kuiwasha mara ya kwanza inadai intaneti na akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 ukiipiga upya ukaingia na akaunti, mara nyingi diski inajifunga yenyewe kwa usimbaji, yaani data inafichwa bila ufunguo haisomeki, na ufunguo wake wenye tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Tukiri kosa, kuna binti wa chuo alituachia laptopu akakimbilia kipindi, simu haipatikani, tukatumia email ya duka ili kazi iishe. Baada ya muda akaja na skrini ya bluu inadai ufunguo, risechi yake yote iko humo, na sisi tumesahau hata ni email ipi tulitumia. Tuliupata jioni, jasho limetutoka. Siku hizi bila email yako mwenyewe hatuigusi, na ufunguo tunauprinti tunaubana kwa stepla kwenye risiti yako. Usiitupe hiyo karatasi.

Kuhusu bando, kama unatumia hotspoti ya simu basi kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa metered connection, yaani unaiambia kompyuta bando lina kipimo, la sivyo apdeti zitakula GB zako usiku umelala.

Wengine wanauliza Windows 10 imezimwa? Hapana. Kilichoisha 14 Oktoba 2025 ni viraka vya bure vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu, mashine inawaka kama kawaida ila inabaki bila ulinzi mpya. Kuna mpango wa mwaka mmoja wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani unaoishia Oktoba 2026, unajiunga kwa akaunti ya Microsoft. Ndicho tulichomfanyia yule dada: tumemrudishia 10, tumemtolea hadidiski tumemwekea SSD, tumemuunganisha na huo mpango, na tumemwambia aanze kudunduliza kidogokidogo hela ya mashine nyingine. Kama wewe kazi yako ni intaneti na kuchapa tu, tunaweza kukuwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, ukaijaribu kwa fleshi kabla hujaamua, ila tuletee na printa yako tuone kama zinaelewana.

Na kabla hatujapiga chochote tunafungua feni kwanza. Kuna mtu alisema Windows 11 inamchemshia laptopu, tulivyofungua tukakuta vumbi la Nkuhungu limeganda humo kama blanketi.

Kukagua ni bure, Jumatatu mpaka Jumamosi. Njoo na chaja yako, na paswedi ya email uwe unaikumbuka.