Kila nikijikaza, neno linazidi kukwama

Mshauri wetu, pokea salamu zangu za heshima.

Nimehitimu ualimu, na nina kigugumizi tangu utotoni. Somo langu nalijua, watoto nawapenda, na wakufunzi wangu walinisifu kwa maandalio mazuri. Kinachonikwamisha ni usaili. Maneno mengine nikihisi yatanishinda huyakwepa nikatafuta mepesi, lakini jina langu nitalikwepaje? Hapo hapo ulimi unashika. Mara ya mwisho msaili mmoja alinikatiza, akaniambia nitafute kazi isiyo ya kuzungumza na watu. Niliumia sana, ila nia yangu ya kufundisha iko pale pale.

Nyumbani wananiambia, "Jikaze." Najua wananitakia mema. Tabu ni kwamba kadiri ninavyojikaza kulisukuma neno ndivyo koo linavyobana, pumzi inakata, na neno halitoki kabisa. Kila nilichokipata maishani nimekipata kwa kukazana; hili peke yake linanitaka nilegee, nivute pumzi taratibu, nikubali kukwama mbele ya watu bila kupigana nako. Kwangu hilo ni gumu kuliko kukesha na vitabu.

Nimesoma sana kuhusu hali hii. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Watoto wengi hupona, na kwa watu wazima hubaki kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Haitokani na upungufu wa akili, na mara nyingi hufuata ukoo. Nikiimba, au nikisoma kwa sauti pamoja na wenzangu, hainishiki hata kidogo. Mfalme George VI wa Uingereza alianza mazoezi na Lionel Logue, mtaalamu wa matatizo ya usemi, mwaka 1926, na mwaka 1939, alipolihutubia taifa vita vilipoanza, bado Logue alikuwa kando yake. Kigugumizi hakikumwacha kabisa, lakini hotuba aliitoa. Hilo linanipa moyo sana.

Sasa nimepata nafasi ya kutunza kumbukumbu ofisini, kazi ya kimya, na wazazi wanaiona ni bahati nisiyopaswa kuichezea. Mimi nahofia nikizoea kimya sitarudi tena darasani. Na usaili mwingine unakaribia. Je, nikubali kazi hiyo kwanza huku nikiendelea na mazoezi? Na mbele ya wasaili, niseme tangu mwanzo kwamba nina kigugumizi na ninaomba muda, au ninyamaze wajionee wenyewe? Wengine wananiambia kusema wazi hupunguza hofu, wengine kwamba nitajifungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kama kuna msomaji mwenye kigugumizi anayefundisha, naomba naye anijibu: siku ya kwanza wanafunzi walipomcheka, alifanya nini?

Ni mimi,
Mwalimu Mtarajiwa