Nyumba tulizofunga umeme mwaka wa 2004

Goma, tarehe 9 mwezi wa 11

Papa Neema, ndugu yangu,

Nakusalimu sana, wewe na Mama Neema na watoto wote. Sisi huku tuko wazima. Mvua zimeshika, barabara ni matope na maji, na unajua kwamba kwa kazi yetu msimu wa mvua ndio unaofichua mambo.

Nilitaka kukupigia simu, nikaona hili si la simu. Juma lililopita nimeona kitu mtaani Majengo, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekatika.

Mama mmoja mjane alituma mtu aniite. Nilipofika akaniambia, "Fundi, mvua ikinyesha bati langu linauma." Mtoto wake wa miaka 9 alikuwa akikinga maji na bidoni, akashika ukingo wa bati, akarushwa chini. Tumshukuru Mungu alirushwa, hakushikwa. Mkono ulikaa na ganzi mpaka jioni. Jirani mmoja alisema ni radi, mwingine akaanza kutaja wachawi. Mimi nikatoa testa, nikaigusisha kwenye bati, ikawaka.

Nyumba za namna hiyo unazijua: mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, vyumba vitatu, dari ya chini mpaka unapanda kwa tumbo. Nikazima, nikapanda na tochi. Nyumba nzima, taa na prizi zote, inalishwa na waya mmoja mwembamba, wa milimita mraba 1.5. Zamani pale palikuwa na taa tatu na redio, waya ule ulitosha. Siku hizi makala, yaani mkaa, ni ghali, na tangu umeme wa mtambo wa maji wa Matebe ufike mjini watu wamenunua resho, majiko ya umeme. Yule mama anapikia watu chakula, ana resho mbili, kila moja wati 2000. Piga hesabu mwenyewe: moja inavuta ampea 9, zikiwaka zote ni 18, bado pasi. Na joto la waya halipandi taratibu. Umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Gamba la waya lilikuwa limekauka na kupasuka kama ganda la karanga, na pale waya unapopita juu ya msumari wa bati, shaba ilikuwa uchi, imelala kwenye chuma.

Nikashuka kutazama fyuzi iliyopaswa kukata. Fyuzi haikuwepo. Mtu alisokota nyuzi za shaba akazipachika mahali pake. Nikawauliza, wakasema ile ya kwanza "ilikuwa inasumbua, inakatika kila siku". Ndugu yangu, ilikuwa inawaambia ukweli kila siku!

Mpaka hapo nilikuwa na hasira na fundi aliyefanya kazi ile. Nikarudi darini kufuata waya hadi kwenye maungio. Hapakuwa na domino, kiungio cha skrubu, hata moja. Waya zimesokotwa kwa mkono, kisha zikafungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vimekatwa vyembamba, vimezungushwa mara saba na kupigwa fundo kwa ndani. Unamjua aliyekuwa akifunga hivyo. Nikasogeza tochi kwenye boriti, nikaona kwa kalamu ya risasi: herufi yako, herufi yangu, 2004.

Nilikaa darini muda mrefu sana.

Halafu nikautafuta waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Unashuka vizuri kando ya mlango, umenyooka, kazi safi. Chini kabisa, nyuma ya ubao, umezungushwa kwenye msumari uliopigwa ndani ya mbao. Haufiki ardhini popote. Nilikumbuka siku zile, baada ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002, watu wakijenga juu ya mawe ambayo yalikuwa yamepoa juzi tu. Tulijaribu kupiga chuma kwenye jiwe, chuma kikapinda, mikono ikatoka malengelenge. Bwana aliyetufundisha, marehemu sasa, akasema tuache, mwenye nyumba akiona waya wa kijani na njano moyo wake utatulia. Tulikuwa vijana, tukafuata. Simlaumu yeye peke yake. Tulijua kwamba waya ule ni wa kuonwa tu.

Sasa nikueleze nilivyofanya, kwa sababu utahitaji. Niliacha kupambana na jiwe. Nyuma ya nyumba, penye bustani ya lengalenga, pana udongo waliouleta kwa chukudu, kile kigari cha mbao. Nilichimba mfereji, nikalaza waya wa shaba uchi wa milimita mraba 25, urefu wa mita 12, nikafukia na kumwagia maji. Nilipima ukinzani wa ardhi nikapata omu 210. Kwa fundi wa mjini hiyo ni ardhi mbaya. Lakini nikaweka diferansieli ya miliampea 30, kikatio kinachozima umeme ukivuja, na kwa hiyo hata omu 1600 zinatosha kukata kabla bati halijafika volti 50, pale hatari inapoanza. Ile ya miliampea 500 iliyozoeleka huku isingefaa hapo, ingesubiri zaidi ya volti 100 kabla ya kukata. Resho nimezipa kila moja njia yake ya waya wa 2.5 na kikatio cha ampea 16. Yule mama hakuwa na pesa ya vyote. Atalipa nusu polepole, nusu ni yangu. Na yako, ukikubali.

Siku ya kwanza sikumwambia ni nani aliyefunga umeme ule wa zamani. Nilimwambia siku ya pili, nilipomaliza. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Ziko ngapi?"

Ndiyo sababu nakuandikia. Wewe una kichwa cha kukumbuka, mimi nimesahau nyingi. Ninazokumbuka ni hizi: mbili Katoyi, karibu na pale tulipokuwa tunanunua mandazi, ile ya mwalimu kule Ndosho, yenye ngazi ya mawe, tatu za ndugu wale wa Mabanga, zimeshikana ukuta, na duka la Birere, kama halijabomolewa. Nimeshakwenda ya Ndosho, mpira wako bado upo. Kesho nakwenda Mabanga.

Andika zako, hata kama unakumbuka avenyu tu au rangi ya mlango, mtoto wa dada yako aniletee akipanda boti Alhamisi.

Ndugu yako wa Goma