Bakari mwanangu, nenda kwa mshauri

Mwanangu Bakari,

Assalam aleikum. Sisi huku Sahare hatujambo, alhamdulillahi. Mwanaisha ametoka eda, na mtoto ameanza kutambaa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nikigusa tu habari hizi unaniambia mtandao unakatika. Barua haikatiki. Isome kidogo kidogo ukipenda, lakini uimalize.

Mkaza mjomba wako amenieleza kwamba hulali kitandani. Unaweka kiti mlangoni, mlango wazi, unakesha hapo mpaka adhana ya alfajiri, na mvua ikianza kupiga bati unatoka ukasimama uani, unalowa. Akaniambia pia jirani alipowasha jenereta sahani ilikutoka mkononi, ukainama kuiokota ukashindwa kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Usimkasirikie. Hakukusengenya, ameingiwa na hofu.

Mimi kazi yangu ilikuwa uuguzi, na niliyoambiwa nayatambua. Msiba ni wetu sote, Bakari. Namlilia ndugu yako Hamza kila mtoto wake anapokunja uso kama yeye. Lakini huzuni yangu mimi na hayo yaliyokupata wewe ni mambo mawili. Mimi nililetewa habari. Wewe ulikuwemo ndani ya maji usiku ule nje ya kisiwa cha Yambe, kusi imechachamaa, chombo kimepinduka, Hamza asionekane tena.

Mtu akikaribiana na mauti namna hiyo, kumbukumbu yake haitulii mahali pake. Mambo mengine yaliyopita tunajua yamepita. Haya hurudi kana kwamba yanatokea sasa hivi: inatosha harufu ya dizeli, upepo, au mashine ikikohoa, mwili ukajiandaa kuokoa roho hata ukiwa Handeni ambako maji ya chumvi hayaonekani. Moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, usingizi unakimbia, maana mwili umejiweka zamu na hakuna aliyeuambia zamu imekwisha. Wiki za mwanzo wengi walionusurika huwa hivyo, na wengi hupoa wenyewe. Yakipita mwezi na bado yapo, na mtu akaanza kukwepa kila kinachomkumbusha, hayo ni maradhi yenye jina, PTSD kwa Kiingereza, na yenye tiba. Madaktari wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya miaka ya kuwahudumia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Wale walikuwa wanaume waliofundishwa vita, na mafunzo yao hayakuwakinga.

Kwenye matanga uliambiwa "jikaze, wewe mwanamume". Ukaambiwa na "shukuru umepona". Waliosema walikutakia heri, lakini hilo la pili ni neno zito sana kwa aliyepona. Linamfunga mdomo. Atawezaje tena kusema kwamba kuna siku anatamani asingepona?

Nami nakuuliza wazi, mama na mwanawe: je, umewahi kufikiria kujidhuru? Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani, hilo tulifundishwa kazini na nimeliona kwa macho. Ikiwa jibu ni ndiyo, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mjomba wako hata kama ni saa nane za usiku, mwende hospitali iliyo karibu.

Sasa nikwambie kwa nini sisi nyumbani hatutoshi. Ukifungua mdomo kumtaja Hamza, mimi nalia. Nikilia, wewe unanyamaza ili kunitunza. Baba yako anachukua kofia anatoka. Mwanaisha ndiyo kabisa, nani atathubutu kumsimulia yale? Kwa hiyo unayabeba peke yako kwa ajili yetu. Unahitaji mtu ambaye hakumjua Hamza, ambaye akisikia hatavunjika mbele yako, na ambaye kesho asubuhi hutamkuta jikoni akikuangalia usoni. Mtu huyo yupo, na kazi yake ni hiyo.

Kabla hujaenda kwa mjomba wako, kuna usiku nilikusikia ukisema usingizini, "Shika, Hamza, shika." Mara nyingi, mpaka sauti ikakukauka. Nilikuwa macho upande wa pili wa ukuta. Sikukuuliza na wala sitakuuliza. Hilo ni lako. Ila lipeleke kwa mtu anayejua kulipokea.

Usikubali kuambiwa kwamba ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na ni Qurani inayotuambia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele za watu, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika. Na ni yeye huyo aliyetuamuru tutafute tiba. Kombe la maalim endelea kunywa, dua usiache, mimi mwenyewe nakuombea kila sala. Lakini yule anayesema umeingiwa na jini wa bahari na anataka mbuzi na kitambaa chekundu, usimpe hata senti tano.

Kuna na la kaburi. Tumemsalia sala ya ghaibu, hitma imesomwa, lakini hakuna mahali pa kwenda kumwagia maji. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, watu wengi hawakuonekana tena, na ndugu zao walibaki hivi hivi, wakijua kwa akili na kukataa kwa moyo. Aliyekufa maji ni shahidi, na hilo linanifariji sana. Hata hivyo nilikuona pale kituo cha basi ulivyogeuka ghafla kumfuata kwa macho kijana mwenye mwendo wake. Huo si wazimu. Mwambie mshauri na hilo.

Huenda unajiuliza utafanywa nini huko. Siku ya kwanza utaulizwa unavyolala, unavyokula, unavyofanya kazi, na kama una mawazo ya kufa. Hulazimishwi kusimulia usiku ule siku hiyo. Utakayoyasema ni siri, ila akiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini atalazimika kushirikisha wengine ili mtu aokolewe. Baadaye atakufundisha kuutuliza mwili kwa pumzi, halafu, mkishazoeana, mtayarudia yale mambo taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ubongo ukubali kwamba yamepita. Utalia. Kuna siku utarudi umechoka zaidi ya ulivyokwenda, na siku hizo ndizo watu wengi hukimbia. Usikimbie. Kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, kiasi cha saa moja, kwa miezi kadhaa. Huko Moshi, na Bungoma ya Kenya, watoto waliofiwa na wazazi walipewa tiba ya mazungumzo ya kila wiki, vikao 12 vya pamoja, na washauri wao hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na wengi wa watoto wale walipata nafuu. Kwa hiyo usidhani hii ni tiba ya Wazungu matajiri.

Daktari akiona haja atakupa na dawa. Meza alivyosema, na usiache ghafla bila yeye kujua. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani sitaki kuvisikia, wala pombe, wala mirungi ya kukeshea.

Bombo ndiyo hospitali yetu ya rufaa hapa Tanga, lakini naijua, imekaa pale juu ikitazama bahari, na kwa sasa sitaki ukae kwenye benchi ukisikia mawimbi. Anzia hospitali hapo Handeni, uulize huduma ya afya ya akili. Wasipokuwa na mtu, waombe rufaa ya Magunga, Korogwe. Watakaokucheka kwamba unapelekwa Mirembe waache wacheke. Mkoa wetu una hospitali ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, milimani, tangu enzi za Wajerumani, na hata huko sio unakokwenda. Wewe unakwenda kliniki na kurudi nyumbani. Mshauri wa kwanza asipokukalia vizuri, omba mwingine. Fedha zikikwama, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na kabla ya hapo niambie mimi.

Nimeshazungumza na mjomba wako kuhusu ruhusa ya shamba. Nauli nimemtumia kwenye simu yake, kwa sababu yako mara nyingi imezimwa. Ukitaka nije nikae nje wakati unazungumza, nitapanda basi la asubuhi. Ukitaka nisije, sitakuja, na sitaona vibaya. Ukishapangiwa siku nitumie ujumbe uniambie siku na saa tu, hayo mengine yawe yako na huyo mshauri.

Mama yako