Kabla hujatia sahihi mkataba wa Ujerumani

Leipzig

Mama Salma, shoga yangu,

Salaam aleikum. Barua yako imenifikia, na picha ya Salma na sare yake mpya nimeibandika mlangoni. Umeniuliza kama euro 3,000 kwa mwezi zatosha kuacha kazi ya wodi hapo Mombasa. Nakujibu kwa kirefu, maana nasikia watu wanauza viwanja kwa sababu tu ya maneno ya ajenti. Ni kweli Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kazi Septemba 2024, lakini zile nafasi 250,000 zilizovuma, serikali ya Ujerumani yenyewe ilizikanusha.

Hiyo 3,000 ni kabla ya makato. Ukipewa hati ya mshahara utaona pensheni asilimia 9.3, bima ya afya zaidi ya asilimia 8, bima ya kukosa kazi 1.3, bima ya matunzo ya uzeeni, halafu kodi ya mapato. Mkononi itakufikia kama 2,050. Na Baba Salma akibaki Mombasa, mamlaka ya kodi itakukata kama mtu asiye na mume, kwa sababu nafuu ya wanandoa yataka mwenzako awe anaishi huku Ujerumani. Cheti cha kuzaliwa cha Salma njoo nacho, kimetafsiriwa na mtafsiri anayekubalika huku: mwenye mtoto hukatwa kidogo kuliko asiye naye kwenye ile bima ya matunzo. Ila posho ya watoto usiihesabu, hailipwi mtoto akiwa Kenya.

Muulize pia ajenti: hiyo 3,000 ni ya muuguzi kamili au ya msaidizi? Mpaka cheti chako kitambuliwe rasmi na Kijerumani chako kifike kiwango cha B2, yaani cha kuelewana vizuri na watu kazini, utalipwa kama msaidizi.

Nyumba ndiyo itakayokumaliza mwanzoni. Kodi inayotangazwa mara nyingi haina maji wala kipasha joto, kwa hiyo uliza jumla yake, kisha ongeza umeme na intaneti. Mwenye nyumba hudai amana ya hadi miezi mitatu ya ile kodi isiyo na nyongeza. Usibabaike akizitaka zote siku moja, sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Na jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: nyumba nyingi hukodishwa bila jiko. Niliingia nikakuta ukuta mtupu, mabomba mawili yamechomoza, hakuna sinki, hakuna kabati, hata taa ni nyaya zinazoning'inia. Vyote unanunua mwenyewe, au unavichukua kwa mpangaji anayehama. Kama hospitali ina bweni la wafanyakazi, lichukue miezi ya kwanza, hata kama chumba ni kidogo.

Ndani ya wiki mbili za kuhamia, jiandikishe ofisi ya jiji, na uwe na barua ya mwenye nyumba. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi ya mapato, na bila namba hiyo mwajiri anaweza kukukata kodi hiyo kwa daraja la juu kabisa. Kuna na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mshahara huingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo njoo na akiba ya kukuweka miezi miwili.

Sasa la nyumbani, na hili naliona zito kuliko yote. Kaa na Baba Salma, na mama, na kaka zako, kabla ya safari. Taja kiasi: karo ya Salma, dawa za mama, basi. Waonyeshe 2,050, toa kodi ya nyumba, chakula, nauli, wakione wenyewe kinachobaki. Mwenzetu mmoja hapa hufanya zamu za usiku mfululizo kwa sababu kila harusi na kila matanga huko kwao hupigiwa yeye simu, na mwili wake sasa unakataa. Sitaki nikuone hivyo. Pesa unayomtumia mumeo au wazazi, itume kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la anayepokea, na uhifadhi risiti. Unaweza kuomba sehemu yake ipunguzwe kwenye kodi yako ya mapato, lakini tangu 2025 fedha taslimu hazikubaliki, na unazowatumia kaka zako hazihesabiwi.

Ile pensheni haipotei. Ukiondoka Ulaya kabisa, baada ya miezi 24 unaweza kuomba urudishiwe sehemu uliyokatwa wewe, ingawa ya mwajiri hairudi.

Kuhusu ajenti anayetaka umlipe kwanza: usimpe hata shilingi. Ujerumani ina nembo ya serikali kwa wanaoajiri wauguzi kutoka nje, na sharti lake ni kwamba gharama azibebe mwajiri. Tazama pia kama mkataba unakudai urudishe gharama ukiacha kazi mapema, na ni kiasi gani.

Nipigie picha kurasa zote za mkataba unitumie kabla ya kutia sahihi. Nitausoma na mwenzangu wa chama cha wafanyakazi, tukujibu wiki hiyo hiyo. Na muulize ajenti lile la msaidizi kwa maandishi, si kwa simu.

Nisalimie mama na Baba Salma.

Mwenzako