Mkato ulioingia ndani

Tanga, 12 Juni

Kwako Saumu, mwandani wangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu, ambacho lawama yake ni yangu peke yangu. Sisi huku hatujambo, ila Bi. Mkubwa bado anaugulia goti lake. Ningesubiri Idi ndipo nikuandikie, kama ilivyo desturi yangu mbaya, lakini nimepatwa na makubwa kwa sababu ya kitu kidogo mno, nacho ni alama ya mkato.

Utaikumbuka ile makala ya Kiingereza juu ya wavuvi wetu na pepo zao. Niliipeleka kwa jarida moja la Marekani, na juzi imerudi ikiwa imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika: The fishermen wait for "kusi", the south wind. Mhariri ameuchukua mkato wangu akauingiza ndani ya alama za mtajo, ukawa "kusi," na amefanya hivyo mara kumi na saba. Nilikasirika, kwa kuwa wavuvi wale walitamka kusi tu, mkato hawakuutamka.

Nilipotulia nikafungua vitabu. Kumbe Wamarekani ndivyo wafanyavyo: mkato na nukta huingia ndani daima, ilhali nukta mkato na nukta pacha hubaki nje. Waingereza, ambao ndio wenye kanuni alizotukaririsha Mwalimu Kombo, huuingiza mkato pale tu unapokuwa mali ya maneno yaliyonukuliwa. Ndugu wawili wa Kiingereza, akina Fowler, waliitetea njia hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1906, mwaka uleule ulipotoka kwa mara ya kwanza mwongozo wa uandishi wa Chicago. Basi ugomvi wangu na mhariri umemzidi umri hata Bi. Mkubwa.

Hata hivyo, hilo silo lililoniuma hasa. Yako masahihisho mengine yasiyohusu Marekani wala Uingereza. Niliandika: The word, "kusi", means south, naye akaifuta mikato yote miwili. Haki yake! Mikato ile humwambia msomaji kwamba neno lililo katikati ni la ziada, linaloweza kuondolewa bila sentensi kupungukiwa. Sasa ukiliondoa kusi, msomaji atauliza, neno lipi? Wewe uliniambia hayohayo tulipokuwa tukisahihisha mitihani, nami nikakucheka. Tena niliweka mkato baada ya that: The old man said that, "the wind lies" at night. Baada ya said peke yake, mkato una kazi, maana maneno ya mzee yanakuja yamesimama yenyewe. Yakishashonwa kwa that, hauna kazi tena. Miaka yote hii ya kufundisha, Saumu, na bado!

Nakala ya pili inatakiwa Ijumaa ijayo, nami nimekuambatishia kurasa nne uzipitie kwa jicho lako kali. Je, nikubali mkato wao uingie ndani ya neno letu, au nimwombe mhariri ayaandike maneno ya Kiswahili kwa herufi za mlazo, pasipo alama za mtajo kabisa? Wewe darasani unawaambia nini wanafunzi wanaosoma hadithi za Marekani kisha wakafanya mtihani kwa kanuni za Uingereza? Na kile kitabu chako chenye jalada la buluu, Rashidi amekirudisha?

Wako,
Mwanaidi